Mkerezaji wa Tabora aliyetengeneza chombo cha kuhimili uzito wa bahari

Ni Jumatatu asubuhi. Mtaa wa nyuma ya soko la Tabora bado unafagiliwa, lakini ndani ya karakana ya Popatlal chuma kimeshaanza kulia. Tatu Abasi amesimama mbele ya mashine ya kukereza, ushungi ameuchomeka ndani ya ovaroli usije ukanaswa. Mkono mmoja unazungusha usukani mdogo wa mashine. Mwingine unamwagia chuma maji ya mafuta, meupe kama maziwa.

Nyuzi za chuma zinachuruzika, zinajisokota, zinaanguka miguuni mwake zikifuka moshi. Tatu hazitazami. Anasikiliza.

"Kisu kikikata vizuri, sauti yake ni moja tu, haipandi haishuki," anasema bila kugeuka. "Ikianza kupiga mluzi, nasimamisha. Chuma hakibishaniwi."

Mlangoni wateja wameshapanga mizigo yao: shafti ya mashine ya kukamulia alizeti kutoka Ulyankulu, ekseli ya trela la tumbaku, pampu ya kisima iliyokuja na bodaboda toka Isikizya. Hizi ndizo kazi zinazomlisha. Ukimkuta hapo, hutadhani kwamba mama huyu wa miaka arobaini na saba ndiye aliyetengeneza chombo ambacho, katika maabara moja jijini Dar es Salaam, kinapokea vipande vya sakafu ya Bahari ya Hindi na kuvikandamiza kama vilivyokandamizwa kule chini vilikotoka.

Na alikitengeneza kabla hajaiona bahari kwa macho yake.

Ufundi kwao ni wa kurithi. Ukoo wao husimulia kwamba babu wa babu yao alifika Tabora na msafara kutoka pwani akiwa fundi wa kufuli na bunduki. Wenzake waliendelea na safari hadi Ujiji. Yeye alibaki, akaoa Mnyamwezi, akajenga jiko la kuchomea chuma. Baba yake Tatu, Mzee Abasi, alikereza vyuma maisha yake yote, kwanza kwenye reli, baadaye kwenye magereji ya mjini.

"Mimi ni mtoto wa tatu, wa kike, na kaka zangu wote wawili walikimbilia biashara," Tatu anasema akicheka. "Nilikuwa nampelekea baba chakula cha mchana. Nikichelewa kurudi nyumbani, mama alikuwa anajua niko wapi. Nakaa pale natazama mashine inavyozunguka."

Mzee Abasi hakumfundisha kwa kumwita. Alimwacha atazame, kisha siku moja akampa bolti iliyokufa hesi, mistari yake ya kufungia imelika, na kumwambia, "Nifufulie hii." Tatu aliifufua. Tangu siku hiyo hakuulizwa tena atakuwa nani.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo baba yake alimkataza.

"Kereza chochote," alimwambia, "ila chombo cha kubana presha usikiguse."

Katazo hilo lilikuwa na sababu. Zamani, kwenye gereji moja ya mtu binafsi, Mzee Abasi alifanya kazi na rafiki yake aliyeitwa Adinani. Tangi la kompresa lilikuwa limechakaa, likazibwa kwa kulehemu, likajazwa upepo ili lijaribiwe. Mzee Abasi alitoka nje kununua sigara. Aliporudi, ukuta mmoja haukuwepo, na Adinani hakuwepo tena duniani.

"Hakuwahi kutusimulia yote," Tatu anasema. "Lakini hata mlio wa tairi likipasuka barabarani, baba hukaa kimya mpaka jioni."

Aliyeleta mtihani huo mlangoni kwa Tatu ni binti mzaliwa wa Ntalikwa, Dk. Bernadeta Limbu, mtafiti wa udongo wa chini ya bahari. Juni ya mwaka juzi alikuwa likizo nyumbani kwao. Mashine ya kaka yake ya kusaga nafaka ikakatika shafti, wakaileta karakana ya Popatlal.

"Nilikuja kumsindikiza kaka," anakumbuka Dk. Bernadeta. "Nikamkuta huyu dada anapima shafti, anaipima tena, anaikwangua kidogo sana, anaipima. Hakuwa na haraka, na foleni ilikuwa mpaka barabarani. Nikamwambia kaka, wewe tangulia, mimi nina maneno na huyu fundi."

Alimwambia Tatu habari ambayo mwanzoni ilisikika kama hadithi. Kwamba kwenye kina kirefu cha bahari, palipo na baridi na uzito mkubwa wa maji, gesi na maji hushikana na kuwa kitu kama barafu. Kwamba barafu hiyo hukaa katikati ya chembe za mchanga na tope, na kuzishikilia pamoja. Watafiti huiita hidrati. Na kwamba ikipata joto, au uzito uliokuwa juu yake ukipungua, inarudi kuwa gesi na maji, na tope lililokuwa gumu linalegea.

"Sasa fikiria umejenga kitu juu yake," anaeleza mtafiti huyo. "Umepitisha bomba, umechimba kisima cha gesi. Sakafu ikilegea, inaporomoka, na kila kilicho juu yake kinakwenda nayo. Kwa hiyo tunahitaji kujua: tope hili lina nguvu kiasi gani barafu ikiwa ndani? Barafu ikitoka, litajikunja kiasi gani kabla ya kuvunjika?"

Njia ya kujua ni kulikandamiza tope lenyewe. Lakini huwezi kuliweka mezani. Lazima likae ndani ya chuma kinene, kwenye baridi, likizungukwa na presha ileile ya baharini, huku mtaimbo unalibana taratibu kutoka juu. Presha hiyo, Tatu aliambiwa, ni sawa na gari dogo zima kusimama juu ya kisanduku cha kiberiti. Na inasukuma kila upande.

Chombo kilichokuwepo maabara kilikuwa chembamba. Vipande vilivyoletwa na meli ya utafiti vilikuwa vinene zaidi, na kuvichonga vikiwa na barafu ni kuviharibu. Kuagiza chombo kingine nje kungechukua zaidi ya mwaka. Wakati huo vipande vilikuwa vinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na ufadhili wa kuendelea kuinunua ulikuwa unakwisha Desemba. Baada ya hapo vingeyeyuka. Kupata vingine kulimaanisha kusubiri meli nyingine, kama ingekuja.

Dk. Bernadeta alikuwa na michoro. Alikuwa na hesabu zote za unene wa ukuta na nguvu ya hesi za mfuniko. Alichokosa ni mkono wa kukikereza.

Tatu aliichukua michoro akaitazama kwa muda mrefu. Swali lake la kwanza halikuhusu chuma.

"Hiyo barafu inashikiliaje mchanga? Imeujaza wote au imeshika hapa na pale?"

"Inategemea," alijibiwa. "Ikiwa kidogo, inashika pale chembe zinapogusana."

"Kumbe ni kama vichomeo vidogo vya kulehemu. Ukiviondoa kimoja kimoja, bati linaanza kulegea hata kabla halijaachia."

Dk. Bernadeta anacheka akikumbuka. "Mimi darasani nilikuwa nasema gundi. Siku hizi nasema vichomeo. Wanafunzi wanaelewa upesi."

Jioni ile Tatu alikwenda kwa baba yake, nyumba ya pili kutoka kwake. Alimsalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akamweleza kila kitu, mpaka presha yenyewe.

Mzee Abasi hakujibu. Aliinuka akaingia chumbani. Siku zilizofuata, salamu ilijibiwa, chai ikapokelewa, lakini maneno hayakuwepo.

"Hilo ndilo lililoniuma," Tatu anasema. "Angenifokea ningejua pa kushika. Lakini baba alinyamaza. Nikawa nakereza huku nimebeba kimya chake kifuani."

Hata hivyo alikereza. Mwenye karakana, Kunal, mjukuu wa Popatlal aliyeianzisha, alimpa mashine kubwa kila alasiri, ingawa ulikuwa msimu wa malori ya tumbaku na wateja walikuwa wakali.

"Walikuja kunisema mimi," anasimulia Kunal, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu. "Wananiambia, Kunal bwana, ekseli yangu inalala hapa kwa ajili ya tope? Nikawaambia, ndiyo, tope la baharini. Wakadhani nawatania. Lakini huyu dada anafanya kazi hapa tangu enzi za marehemu baba. Hakuwahi kuniomba kitu. Safari hii aliomba, nikasema lazima nimpe."

Chombo cha kwanza kilimaliza mwezi. Mwili wake ulitokana na chuma cha duara alichokinunua Kunal kwa mtu aliyekisifu kuwa ni chuma bora. Kwa nje kiling'aa. Hesi za mfuniko ziliingia kwa vidole viwili tu.

Alasiri ya kukijaribu, walikishusha ndani ya shimo la zamani la kukagulia magari, nyuma ya karakana, wakalizungushia magunia ya mchanga. Dk. Bernadeta alikuja kutoka Dar es Salaam na pampu ya mkono na geji. Walikuwa hawajaanza kupampu, mlango wa uani ukafunguka. Alikuwa Mzee Abasi, amevaa kofia yake ya kufuma, fimbo mkononi.

Hakumsalimu mtu. Alikwenda mpaka ukingoni mwa magunia.

"Mnajaza nini humo?"

"Maji, baba," Tatu alijibu.

"Maji matupu?"

"Matupu. Hewa tumeitoa yote. Tumeacha tundu la juu wazi mpaka maji yakatoka bila povu."

Mzee alimgeukia mtafiti. "Na wewe, mama, ndivyo ulivyoandika kwenye karatasi zako?"

"Ndivyo, mzee wangu. Bila hivyo hatupampu."

Mzee Abasi akavuta gunia moja, akakaa juu yake. "Endeleeni," alisema.

Mshale wa geji ulipanda. Ukafika nusu ya kiwango, ukasimama vizuri. Wakaongeza. Ukakaribia kiwango cha presha ya baharini. Ghafla kukasikika mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti, na mshale ukaanguka mpaka sifuri. Ndani ya shimo, maji yalikuwa yanachirizika kando ya chombo.

Tatu aliteremka. Alipopitisha kidole kwenye chuma akakuta ufa mwembamba kama unywele, umepita kutoka shingoni hadi katikati. Chuma kile kilikuwa na kasoro ndani kwa ndani, tangu kilipoyeyushwa huko kilikotoka. Hakuna jicho ambalo lingeiona.

"Nilikaa pale pale shimoni," anasema. "Ovaroli limelowa. Nikasema moyoni, basi. Mzee alikuwa na haki. Nitamwomba radhi daktari, nirudi kwenye ekseli zangu."

Lakini baba yake alikuwa amesimama juu yake, amenyoosha mkono. "Nipe nikione."

Wakampandishia. Akakaa tena juu ya gunia, wakakiweka chombo hicho kizito mapajani mwake. Mzee alikizungusha kuelekea jua, akaufuata ufa kwa kucha ya kidole gumba, mwanzo hadi mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Tatu alidhani analia. Ndivyo ilivyokuwa, ila alikuwa anacheka pia.

"Kimevuja," mzee alisema. "Mnaona? Kimevuja tu. Hakikuruka. Sote tuko hapa."

Akaupitisha ukucha juu ya ufa mara nyingine.

"Adinani hakupata nafasi ya kuutazama ufa," akaendelea. "Hatukujua, mwanangu. Tulijaza upepo. Upepo ukibanwa unasubiri kuruka. Maji hayana tamaa hiyo." Akamrudishia chombo. "Chuma hiki kibovu, tafuteni kingine. Mkono wako hauna kosa. Kereza tena."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia tangu Juni. Tatu anaposimulia sehemu hii huacha kazi, akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akasingizia jasho.

Mara ya pili hawakubahatisha. Kunal alimpigia shemeji yake wa Dar es Salaam, akapata chuma chenye cheti cha kiwanda. Dk. Bernadeta akakipitisha kwa mwenzake wa chuoni, kikapimwa kwa mawimbi ya sauti kutafuta kasoro za ndani kabla hakijapanda basi. Kilipofika Tabora, Mzee Abasi alikuwa anakuja karakana kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Hakugusa mashine. Alikaa kwenye kigoda, akisikiliza sauti ya kisu.

"Kuna siku niliharibu hesi," Tatu anakiri bila haya. "Daktari alikuwa ameandika kipimo, mimi nikasoma cha mstari wa juu yake. Tukapoteza mfuniko. Tangu hapo tukakubaliana, kila kipimo yeye anakisoma kwa simu kwa sauti, na mimi nakirudia. Kama mama na mtoto wa chekechea. Lakini hatukukosea tena."

Safari hii mshale wa geji ulipanda, ukavuka kiwango cha bahari, ukaendelea hadi kiwango cha juu zaidi walichokipanga, ukatulia. Waliuacha pale. Wakanywa chai. Waliporudi, mshale ulikuwa palepale. Ndani ya shimo, chuma kilikuwa kikavu.

Novemba, Tatu alipanda basi la Dar es Salaam na chombo ndani ya sanduku la mbao la kusafirishia asali. Kondakta alitaka kukiweka buti. Tatu alikataa, akakilipia kiti, kikafungwa mkanda. Abiria wa nyuma alimuuliza kama ni maiti ya mtoto. "Nikamwambia hapana, mama, ni kazi," anasema.

Maabara ilikuwa na baridi ya kutetemesha. Mtafiti alitoa kipande kutoka kwenye moshi mweupe wa naitrojeni. Tatu alitegemea kuona kitu cha ajabu. Akaona tope, tope la kijivu kama la bwawani, ila limepitiwa na mishipa myeupe.

Dk. Bernadeta alibandua chembe ya ile nyeupe, akaiweka kwenye kisahani, akawasha kiberiti. Barafu ikashika moto. Ikaungua kwa mwali mtulivu, na chini yake yakabaki maji.

"Nilirudi nyuma hatua," Tatu anasema. "Barafu inawaka! Nikasema, Mwenyezi Mungu, una mambo. Kumbe muda wote nilikuwa nakereza kwa ajili ya kitu ambacho nisingekiamini hata ningeapiwa."

Kipande kikaingia ndani ya chombo, kikavishwa mpira, kikafungiwa. Presha ikapandishwa. Mtaimbo ukaanza kukibana kutoka juu, polepole mno, na mstari kwenye kompyuta ukapanda pamoja nao. Ulipanda kwa muda mrefu. Tope lile la kijivu lilikuwa linabeba mzigo ambao ungevunja tofali.

Kisha, kwenye kipande cha pili, wakaruhusu joto liingie kidogo huku mzigo ukiwa juu yake. Mstari ukayumba. Ukalala. Tope likaanza kujikunja, kutanuka tumboni, kushuka. Halikupasuka kwa kishindo. Lilikuwa linakubali tu, taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama.

"Pale ndipo nilipoelewa kwa nini daktari hakuwa analala," anasema Tatu. "Lilikuwa gumu muda si mrefu uliopita. Halafu joto kidogo tu, na halina mifupa."

Vipande vyote vilipimwa kabla Desemba haijaisha. Hakuna kilichoyeyuka bure. Matokeo yake, kwa mujibu wa Dk. Bernadeta, yameanza kutumika katika hesabu za kundi lake kuhusu mahali ambapo sakafu ya bahari inaweza kubeba mzigo na mahali ambapo ni heri iachwe kama ilivyo.

"Bila chombo hiki tungekuwa na ndoo za tope na masikitiko," anasema. "Niliporipoti, jina la Tatu Abasi wa Tabora nililiandika pamoja na majina yetu. Hakuna aliyeuliza maswali. Waliuliza tu kama anapokea kazi nyingine."

Anapokea. Juu ya benchi yake, karibu na shafti ya alizeti, kuna vyombo viwili vidogo vinavyosubiri mifuniko. Asubuhi anafanya kazi za malori na visima, alasiri ni za maabara. Mabinti wawili wa Uyui waliomaliza chuo cha ufundi wamekuja kujifunza kwake, na Kunal ameahidi mashine ya pili msimu ukienda vizuri.

Na bahari? Siku ile ya Dar es Salaam, baada ya maabara, alipelekwa ufukweni. Alivua viatu, akasimama majini hadi kwenye vifundo vya miguu, akatazama mbali. "Ni kubwa kuliko nilivyosikia," anasema. "Lakini mimi nilikuwa nafikiria chini yake."

Sasa ana mpango, na ameshauchora kwa chaki kwenye ukuta wa karakana. Ni chombo kirefu kuliko vyote, chenye kijidirisha cha kioo kinene ubavuni. Maana mpaka leo, anaeleza, chuma kikishafungwa, mtafiti huona mistari ya kompyuta tu. Tope lenyewe linapojikunja, hakuna anayeliona. Dk. Bernadeta anaendelea na hesabu za kioo, na amemwonya kwamba ni kazi ngumu. Pale kioo kinapokutana na chuma ndipo presha hutafuta njia.

Tatu anapitisha kidole kwenye mchoro, mahali pa dirisha.

"Nataka watu wachungulie," anasema. "Waione sakafu ya bahari inavyohangaika kusimama. Na wa kwanza kuchungulia atakuwa mzee wangu, Mungu akimweka."

Kisha anavaa miwani yake ya kazi, anabonyeza swichi, na chuma kinaanza kuzunguka.